Sopisi ya Dokta Muhindo

Nianze na jina lenyewe, maana hata nikilificha mtalisikia mkishuka tu kwenye pikipiki pale Majengo: Dokta Sopisi ni mimi. Kwa wale ambao hamjawahi kukaa Goma, sopisi ni kisonono, ule ugonjwa wa wanaume wanaotembea ovyo, ambao ukikupata unaingia chooni mwanamume mzima na kutoka unaimba zaburi. Nina diploma ya ufamasia niliyoifuata hadi Kinshasa, nina nyingine niliyoifuata ng'ambo kwenye baridi, mkoa ukitaka kuandika jambo lolote kuhusu dawa huniita mimi, mama yangu kule Butembo ametundika picha yangu ukutani juu ya picha ya harusi yake mwenyewe (baba alinuna wiki nzima), na pamoja na hayo yote, nikipita sokoni akina mama wanagusana viwiko. Nimeshazoea. Hapana, naongopa, sijazoea hata kidogo. Basi nisikilizeni, mcheke mara moja mmalize, tusije tukarudia habari hii kwenye msiba wa mtu.

Kazi yangu ni kutafuta ukweli kuhusu dawa. Inasikika vizuri, sivyo? Nachunguza dawa zinazouzwa mjini, zinatoka wapi, nani anaziuza, anamwuliza nini mgonjwa kabla ya kumpa, halafu nawaandikia wakubwa ushauri ili watunge sheria. Wakati huo wakubwa walikuwa na rasimu mezani, na rasimu ile ndefu ilikuwa na sentensi moja tu yenye meno: farmasi ndogo zote za mitaani, zile zisizo na mfamasia mwenye diploma, zifungwe. Zote. Walichokuwa wanangoja ni ripoti yangu iwaambie kama kweli zile farmasi ni za hatari kama inavyosemwa. Na mimi, niseme tu, nilikuwa nimeshaamua moyoni kabla hata ya kununua kalamu. Wale wauzaji niliwaona kama watu waliotaka kuuza mandazi, wakakosea njia, wakaagiza antibiotiki.

Sasa, ukienda kwenye farmasi umevaa koti jeupe ukauliza, "Je, unafanya kazi vizuri?" utajibiwa vizuri sana. Kwa hiyo sisi hutumia mteja wa siri: mtu mzima na afya yake anajifanya mgonjwa, anaeleza dalili alizokaririshwa, ananunua anachouziwa, anatoka, na akifika kona anajaza fomu. Muuzaji hajui lolote. Na sisi tunakula kiapo mbele ya kamati ya maadili kwamba hatutamwambia mtu yeyote nje ya kundi letu mpaka ripoti isomwe, maana wauzaji wa Goma wana simu, na ukimshtua mmoja saa tatu asubuhi, saa nne mji mzima umejipanga. (Kiapo hicho mkikumbuke, kitakuja kunitafuna.)

Tulikuwa watatu: mimi mkubwa wa kazi, Mama Kahindo, nesi mstaafu asiyecheka ovyo, na Safari, mtu wa takwimu. Mtaa wa kuanzia ulikuwa Majengo, na magonjwa ya kujifanya nayo yalikuwa matatu: kikohozi, kuhara na sopisi. Mama Kahindo alichukua kikohozi kabla sijamaliza kuisoma orodha, akakohoa palepale kuonyesha kwamba ameshaanza. Safari akainua mikono.

"Docteur, mi niko naoa mwezi unakuya. Mukwe wangu anaishi Majengo! Ata ukinifukuza kazi, ile sopisi sichukue. Nipe kuhara."

Wote wawili wakaangalia meza kana kwamba ndiyo imeitwa. Hapo ningeweza kusema tubadilishe ugonjwa, ningeweza kutafuta mtu wa kulipwa, ningeweza hata kusema tuombe kwanza. Badala yake nilisimama, nikasukuma miwani juu ya pua, nikatamka maneno ambayo hadi leo sijui yalitoka sehemu gani ya elimu yangu: "Sayansi haina haya! Leteni hiyo sopisi." Mama Kahindo akayaandika ubaoni kwa chaki, neno kwa neno, na kwa bahati mbaya ule ubao hakuna aliyekuwa na desturi ya kuufuta.

Siku ya kwenda ilipofika, nikakumbuka kwamba nina mke. Mke wangu Kavira, mama Neema, ni mwalimu wa sekondari, na sisi wawili tuko kwenye kamati ya familia ya parokia: kila Jumamosi tunakaa mbele ya wachumba tunawafundisha maisha ya ndoa, yeye akishika somo la malezi na mimi somo la kuambiana ukweli ndani ya nyumba. (Msicheke bado.) Sasa mtu wa somo hilo atamwambiaje mkewe kwamba anaenda Majengo kuugua sopisi? Nikamwambia naenda Munigi, kwenye kituo cha afya, na dhamiri ilipoanza kunung'unika nikaiambia kwamba Munigi na Majengo zote zinaanza na herufi moja. Nikavaa koti la mjomba marehemu lililofika magotini, kofia ya sufu, viatu visivyo na kamba, miwani nikaiacha mezani kwa sababu inanionyesha msomi. Bila miwani, niwaambie, mlango wa nyumba yangu mwenyewe nauona kama wingu. Mvua ilikuwa inatishia, nikapapasa nyuma ya mlango, nikashika mwavuli wowote uliokuwepo, nikatoka.

Farmasi za mwanzo zilinipa raha ambayo mtu mwenye sopisi hapaswi kuwa nayo. Nilikuwa nasema neno moja, "inawaka," na kabla sijameza mate nimeshawekewa vidonge kwenye karatasi ya daftari, bila swali, bila jina, bila hata kuniangalia usoni. Mmoja aliniuliza tu kama nataka na pipi. Nilitoka kila duka nikijaza fomu kwa tabasamu, sentensi yenye meno ikizidi kunolewa kichwani, mpaka nikafika duka la mwisho la siku ile, la mbao, juu ya mawe ya lava, lenye benchi nje na watu wanne au watano wamekaa wanangoja zamu. Farmasi yenye foleni! Ilipaswa kunishtua. Mimi nikapanga foleni.

Mwenye duka ni mama mmoja mnene anayeitwa Mama Riziki. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa nesi miaka mingi kwenye milima ya Masisi mpaka vita vikamshusha mjini na sanduku moja, na kwamba kule alizoea kuwaita wagonjwa kutoka kilima kimoja hadi kingine. Ile sauti alishuka nayo.

"Karibu, papa. Unaumwa nini?"

Nikainamisha kichwa, nikanong'ona kama nilivyokaririshwa. "Mama, nikienda haja ndogo, inawaka."

"Nini njo inawaka?"

"Mukojo."

"MUKOJO IKO UNAWAKA," akasema, si kwa ubaya, ni kwamba alikuwa anaandika na huwa anaandika kwa mdomo. Benchi lote likasogea kwa mbele. "Tangu siku ngapi? Usaha iko inatoka? Na ulilalaka na mwanamuke mwengine?"

Jamani, maswali hayo hayakuwa kwenye karatasi yangu. Tuliiandika sisi wenyewe, na hatukuandika majibu kwa sababu hatukuamini kuna mtu atauliza. Nikajibu hapana, nikajibu ndiyo, nikajibu nimesahau, yote matatu kwa pumzi moja. Mzee mmoja wa benchini, ameegemea fimbo, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mutoto wangu, sema tu ukweli. Mi ile kitu niliipataka nikiwa kijana, nikadanganya, ikanifundisha adabu."

"Asante, muzee," nikasema. (Ningesema nini?) Halafu nikarudi kwenye karatasi yangu, nikatamka sentensi ya akiba ambayo maduka mengine hayakunipa hata nafasi ya kuisema: "Mama, nipe tu ile kapsuli ya rangi mbili, nina haraka."

"Rangi mbili ya nini? Ile haiponyeshe sopisi. Iko lazima sindano, na ile unaipata ku centre ya afya, nitakuonyesha njia. Lakini ata njia sikuonyeshe kama bibi yako hayakuya. Weye utapona leo, kesho unaenda kuichukua tena kwake. Dawa ya mutu mumoja haiponyeshe batu wawili. Bibi yako iko wapi?"

Karatasi ilisema nijibu, "Amesafiri." Mdomo ukataja mtaa wetu wenyewe: "Katindo."

"Katindo! Katindo nayo ni mbali? Mupigie simu akuye na pikipiki. Tutamungoja."

"Tutamungoja," likaitikia benchi, na mzee akaiweka fimbo yake chini kabisa, kama mtu aliyeamua kukaa.

Nataka mnielewe vizuri hapo. Kila neno alilosema yule mama ndilo lililomo kwenye miongozo ya tiba, na miongozo yenyewe mkono wangu umepita ndani yake. Kumwuliza mgonjwa, kumkatalia dawa isiyofaa, kumtuma kwenye sindano, kumtafuta mwenzi wake. Siku nzima ile nilikuwa nazunguka kutafuta kama yupo mtu anayefanya hivyo, na sasa yuko mbele yangu, na mtafiti aliye ndani yangu alipaswa kupiga magoti amshukuru Mungu. Ila mtafiti hakuwepo. Aliyekuwepo ni mume wa watu asiye na miwani, anayengojewa kumpigia simu mkewe mbele ya benchi zima amwambie aache darasa aje atibiwe sopisi.

"Jina lako nani?" "Kambale." (Goma ukiita Kambale, nusu ya barabara inageuka, nilidhani nimejificha vizuri.) Akaandika kikaratasi, akakisoma kwa sauti ili nisije nikasema sikuelewa: "Bibi ya Papa Kambale, kuya kwa Mama Riziki, farmasi ya Majengo, na bwana yako, mutibiwe pamoja. Usiogope." Akakikunja mara mbili, akakitia mwenyewe kwenye mfuko wa koti langu na kuupigapiga mfuko. Hapo ndipo miguu yangu iliponiacha ikatangulia. Sikuaga, sikuchukua mwavuli, nilitoka mbio kwenye yale mawe, na kwa kuwa nilikuwa naona mawingu tu niliingia moja kwa moja kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa kabichi. Mwenye chukudu akapiga kelele, "Eh, papa! Unakimbia nini?" na kabla sijafungua mdomo benchi likanijibia, wote kwa pamoja kama kwaya ya Pasaka: "SOPISI!"

Kona ya tatu nikasimama kujaza fomu. Utaratibu wetu unasema kwamba ziara ambayo mteja ameondoka katikati inaweza kuandikwa "imefutwa," na mimi nikaandika imefutwa, nikajiambia kwamba huo ndio utaratibu, na utaratibu ni utaratibu. Sasa nawaambia ninyi: sikufuta kwa sababu ya utaratibu. Nilifuta kwa sababu fomu zote zinapita mezani kwa Mama Kahindo, na nilimwona kichwani akisoma kuhusu benchi.

Siku mbili baadaye mke wangu akalichukua lile koti alifue kabla ya kulirudisha kwa mjane wa mjomba. Nilikuwa sebuleni nasoma. Akaja akasimama mbele yangu na kikaratasi, akakisoma kwa ile sauti anayosomea matokeo ya mtihani.

"Papa Neema. Kambale ni nani?"

"Ni mimi."

"Na tutibiwe pamoja ya nini?"

Nikakumbuka kiapo, nikasema, "Mama Neema, hiyo ni siri ya kazi."

Wanaume wenzangu, siku mke wako ameshika karatasi kama ile, sema chochote, sema umekufa, lakini usiseme siri ya kazi. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu Munigi ilihamia lini Majengo, akaniletea blanketi, akanionyesha kochi. Nilivumilia kochi siku tatu, na siku ya nne kiapo kikashindwa nikamweleza yote, mteja wa siri, kamati, kikohozi cha Mama Kahindo, benchi, kabichi. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mwanafunzi ambaye daftari lake limeliwa na mbuzi.

"Sawa," akasema. "Nionyeshe ile fomu."

Nikaileta fomu. Ilikuwa na neno moja.

"Kama ulienda ju ya kazi," akasema, "ju ya nini kazi yenyewe inasema haukuenda?"

Jumamosi ile aliwafundisha wachumba peke yake, na somo langu akalifundisha yeye, na wanaoambiana habari parokiani wanasema hawajawahi kulisikia likifundishwa kwa moyo namna ile. Nililala kwenye kochi mpaka siku ya atelye. Iliniuma, msidhani ilikuwa mzaha. Mwanamke aliyeniamini miaka kumi na sita alikuwa ananipitia sebuleni kama anapita mgeni, na karatasi pekee ambayo ingenitetea niliiua kwa mkono wangu.

Atelye ndiyo ile siku ya kuisoma ripoti mbele ya wakubwa ili waipitishe. Ukumbi ulikuwa umejaa, kitambaa kikubwa ukutani kimeandikwa kwa njano DAWA BORA KWA WOTE, mbele amekaa mjumbe wa mkoa, mzee mpole wa maneno ya polepole, na rasimu yake na kalamu. Nyuma kabisa, bila kualikwa, alikuwa amekaa mke wangu na mkoba wake magotini. Nikapanda, suti imenyooka, miwani inang'aa, nikasoma vizuri (kusoma najua), na nilipofika kwenye mahali penyewe nikainua sauti: "Hakuna hata farmasi moja ndogo ya mtaani iliyomwuliza mgonjwa kuhusu mwenzi wake. Hakuna hata moja iliyokataa kuuza. Hakuna hata moja!" Wakapiga makofi. Mjumbe akafungua kalamu.

Mkono ukainuka kule katikati. Haukuwa mkono, ulikuwa mwavuli. Mwavuli wangu. Na ulipofunguka kidogo niliona, safari hii nikiwa na miwani, kile ambacho sikukiona siku ile nyuma ya mlango: umeandikwa kwa njano DAWA BORA KWA WOTE, zawadi ya atelye ya mwaka uliotangulia. Niligeuza kila kitu mwilini mwangu ili nisijulikane, halafu nikatembea Majengo nzima nimejifunika tangazo la ofisi.

Walimpelekea mikro, yaani kipaza sauti, ingawa hakuihitaji.

"Bakubwa, mi naitwa Riziki, niko na farmasi Majengo. Wenzangu ya farmasi ndogo-ndogo walinituma kuya kulomba musitufunge. Lakini huyu docteur anasema hakuna ata moja. Mi niko ile moja! Mutu alikuya kwangu na sopisi, nilimukatalia dawa, nilimwambia alete bibi, akakimbia akaacha ule mwavuli. Nimeuleta, ju niliona maandishi yake ni ya batu ya dawa, nikasema pengine mwenyewe iko humu." Akazungusha macho ukumbini taratibu, akafika kwangu, akasimama. "Docteur. Tosha kidogo ile miwani, nikuone."

Watu wa kwingine wakiaibika husema ardhi ipasuke iwameze. Sisi wa Goma hatusemi hivyo ovyo, kwa kuwa hapa, chini ya volkano, hupasuka kweli. Siku ile nilisema.

"Mukifunga ile farmasi," akaendelea, na sauti ikashuka, "mi sina tena kitu. Batoto wangu wote walisoma ju ya ile meza. Lakini sikuya kulomba huruma. Docteur aseme tu, nilimuuzia ao sikumuuzia?"

Mjumbe akanigeukia. "Docteur Muhindo, unamujua huyu mama?"

Na nisiwafiche, nilifikiria kusema simjui. Ingekuwa rahisi kuliko kumeza maji. Mimi nina diploma mbili na yeye ana mwavuli, nani angemwamini? Rasimu ingepita, jina langu lingebaki safi, na mama yule angefunga duka pekee mjini ambalo mimi mwenyewe, kama kweli ningeugua, ningetaka kuuguzwa ndani yake. Nikaangalia kule nyuma. Mke wangu hakuwa amekasirika wala nini, alikuwa ananitazama kama anavyosimamia mtihani, anangoja tu aone nitaandika nini. Nikavua miwani. Ukumbi wote ukawa mawingu, na afadhali.

"Hukuniuzia, mama," nikasema. "Ulikataa. Ulifanya kila kitu sawasawa. Kambale ni mimi, na ile fomu niliifuta kwa sababu niliona haya."

Ukumbi ukalipuka. Nikashika mikro kwa mikono miwili, nikapaza sauti juu ya vicheko, "Lakini sikuwa na sopisi! Nilikuwa mteja wa siri!" na Mama Riziki akanijibu kwenye mikro yake, kwa upole wa nesi, kwa huruma yote ya Masisi:

"Wote banasemaka vile, papa."

Nikasikia viatu. Navijua viatu vile, nikairudisha miwani usoni. Mke wangu alikuwa anakuja mbele katikati ya viti, akamwomba Mama Riziki mikro, akafungua mkoba, akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara mbili, akakiinua juu watu wote wakione.

"Mama Riziki, mi njo bibi ya Papa Kambale. Uliniandikia nikuye na bwana yangu, nisiogope. Samahani nimechelewa. Tuko hapa."

Sijui nani alianza. Nadhani ni mjumbe, maana kalamu ilimtoka mkononi ikabiringika hadi miguuni pangu. Safari alikuwa ameinamia meza mabega yanaruka. Na Mama Kahindo, ambaye sijawahi kuona meno yake tangu nimjue, alisimama mahali pake akaita kwa nguvu zote, "Sayansi haina haya, docteur!" halafu akaketi, akaendelea kuandika kumbukumbu za kikao, na akayaandika na hayo.

Kikaratasi kile kiliwekwa kwenye ripoti kama ushahidi. Mjumbe alipojifuta machozi alisema jambo moja la maana: kama moja imefutwa kwa haya ya mtu, nani anajua kilichofichwa kingine, rudini mkatafute upya. Tukarudi (wakarudi, mimi tena mtaa gani ungenipokea?), safari hii wakitafuta na wema pia, na wakawapata wengine, si wengi, lakini wapo. Ile sentensi ya kufunga zote ikatolewa, ikawekwa nyingine ya kuwafundisha wauzaji na kuwapima, na anayewafundisha namna ya kumwuliza mgonjwa ni Mama Riziki, bila mikro. Kochi nililiaga siku ileile. Kwenye somo la Jumamosi nimerudishwa pia, ila sasa mimi ni mfano, anayefundisha ni mke wangu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ambayo hata sikuwa nayo, na aliyeniumbua alikuwa na mwavuli. Basi nimejiwekea nadhiri: mkono wangu ukitaka kuandika "hakuna hata mmoja," nauweka chini kwanza, naenda kwenye kabati nasoma fomu zote zilizofutwa, moja moja, na hasa zile nilizofuta mwenyewe. Na mwavuli nanunua wa dukani, mweusi, usio na neno.

Wiki iliyopita tulikutana na Mama Riziki mlangoni mwa mafunzo, mimi na mke wangu. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto. Mke wangu alipotangulia ndani, yule mama akanivuta mkono kando, akaangalia huku, akaangalia kule, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akashusha sauti ikawa ya kunong'ona kabisa.

"Papa, unijibu tu ukweli. Ile sindano, ulienda kuichoma?"

Nimeshamweleza mara ngapi? Nikamwangalia yule mama wa watu.

"Nilienda, mama," nikasema. "Nimepona kabisa."

"Na bibi?"

"Na bibi."